Siku Nilipong'oa Mafiga Yangu

Jumamosi. Mvua ya kwanza ya maana imenyesha tangu alfajiri, ikaacha asubuhi bila kuaga. Udongo wetu mweusi umezimeza ndala zangu zote mbili pale njia ya kisimani, kwa hiyo nimeshinda peku. Mikono inaniuma. Kidole gumba kimechubuka kwa mpini wa sururu. Moyo, ajabu, umetulia.

Naandika sasa hivi kabla hasira haijaisha, maana ikiisha nitaanza kuandika kwa adabu.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: naitwa Minza. Naishi upande wa Nkololo, kwenye makazi ambayo mume wangu Masanja aliyapa jina la Jiko Moja. Tulianza familia nane tuliounganisha mashamba yetu, ng'ombe wetu wa kulimia na chakula chetu. Leo tumebaki familia nne. Kesho asubuhi mwenyekiti wa kitongoji anakuja na kamba yake ya kupimia, tugawane shamba, kila mtu aondoke na kipande chake. Masanja ameshapata fremu Bariadi mjini, anataka kuuza vipuri vya pikipiki. Kipande chetu tayari kuna mtu anakimezea mate.

Mimi sitaki.

Sijui kama nimewahi kuliandika hilo waziwazi. Nimeandika humu kuhusu funza wa pamba, kuhusu mwanangu Shija kung'oka jino, kuhusu bei ya sabuni. Hili nimekuwa nikilizunguka. Sitaki shamba ligawanywe, sitaki kuhamia mjini, na sitaki kulala kwenye chumba ambacho nikikohoa jirani asiyenijua anagonga ukuta.

Kichekesho ni kwamba mwanzoni mimi ndiye niliyepinga.

Wazo lilikuwa la Masanja. Kabla hatujaoana alifanya kazi kwenye kambi ya wajenzi wa barabara. Kule walikula sufuria moja, walilala bweni moja, na mtu akiugua wenzake walimfulia nguo. Kambi ikavunjwa, kila mtu akarudi kwao, lakini Masanja hakurudi mzima, nusu yake ilibaki kule. Miaka yote ya ndoa yetu akikumbuka siku nzuri, anakumbuka kambi. Nilishazoea. Wanawake wengine wanamwonea wivu mchumba wa zamani, mimi nilikuwa nalionea wivu sufuria la mkandarasi.

Basi jioni moja akalipeleka wazo lake shikome. Kwa msiojua, shikome ni pale uani panapowashwa moto jioni, wanaume wa nyumba jirani wanakaa wanaongea, na kila mwanamke anapeleka chakula chake pale, wanaume wanakula pamoja. Masanja akawaambia wenzake: sisi tayari tunakula pamoja, sasa kwa nini chakula kipikwe milango minane? Kuni mara nane, moshi mara nane, migongo ya wake zetu mara nane. Tujenge jiko moja kubwa, wapike kwa zamu, siku nyingine wapumzike.

Wanaume walilipenda. Mabula, jirani yetu, inasemekana alisimama akapiga makofi.

Mimi niliulizwa tayari wakiwa wamekubaliana. Nikajibu "yaya", ambalo kwa Kisukuma ni hapana, na sijui nani alilitafsiri kama ndiyo. Mama mkwe wangu, mayu Kashinje, alicheka mpaka akajifuta macho. Yeye aliolewa akahamishwa kwenye ule uhamisho wa vijiji wa zamani, nyumba ikaachwa na mtama ukiwa shambani. Akaniambia, "Sisi tulihamishwa na serikali, mwanangu. Ninyi mnajihamisha wenyewe. Basi hata mlango wako ubebe."

Sikubeba mlango. Nilibeba mafiga.

Ndivyo ilivyoamuliwa, kila mwanamke alete mafiga yake matatu, yajengewe kwenye msingi wa jiko kubwa kama ishara ya kuungana. Mafiga yangu nilipewa na huyo huyo mayu Kashinje, siku aliponiambia nimeiva, nitoke kupika jikoni kwake nikapike kwangu. Moja lina mstari mweupe ubavuni. Fundi aliyachukua, akayapaka udongo, akayashindilia kushoto karibu na mlango. Mchungaji akaomba. Wanaume wakaimba wimbo wa jembe. Nikalia, na watu wakasema Minza ana furaha.

Lakini niseme ukweli, mwaka wa kwanza ulikuwa mzuri kuliko nilivyotaka uwe.

Palizi tulipalilia mstari mmoja, mwanzo wa shamba mpaka mwisho, wanaume kwa wanawake, na wimbo ukianzia kwa Holo, mke wa mvuvi ambaye sauti yake inafika barabarani. Pamba ilipasuka ikawa nyeupe mpaka macho yanauma. Tulichimba kisima, chetu, hatukuomba mtu. Jioni watoto wote walisoma chini ya taa moja ya sola, wakubwa wakiwafundisha wadogo. Watu walitoka mpaka Nyalikungu kuja kutuangalia. Masanja alinenepa kwa kuulizwa maswali.

Halafu ikaja masika ile ambayo humu sikuiandika.

Nilikuwa na mimba, ikaharibika. Nililazwa Bariadi, na niliporudi nililala ndani nimeugeukia ukuta. Kwa kawaida mwanamke akilala hivyo msimu wa palizi, magugu hayamsubiri apone, na mwaka mzima atalia mara mbili, mara ya kwanza kwa mtoto na mara ya pili kwa njaa. Siku niliyotoka nje nikatazama shamba nikakuta limepaliliwa lote. Hakukuwa na kona ya Minza iliyoachwa, kwa sababu hakukuwa na kona ya Minza. Hakuna aliyeniambia "tumekusaidia". Hakuna aliyesubiri asante. Nyanzobe, mke wa Mabula, alinipa jembe tu akanionyesha mstari ulipofikia.

Siku ile nikawa mtu wa Jiko Moja. Sikumwambia Masanja, angevimba kichwa.

Na nilipoanza kulipenda ndipo lilipoanza kuoza, na lilianzia pale pale jikoni.

Nani atanielewa? Siku ya zamu yako unapikia umati, ugali unausonga kwa mti mrefu kama unasukuma mtumbwi. Siku isiyo ya zamu yako unapanga foleni na sahani. Mtoto ana homa anataka uji mwepesi, unaomba ruhusa. Mumeo amekukasirikia, huna hata chumvi ya kumzidishia kwa makusudi. Hiyo mnacheka, lakini ndoa nyingi huku zinaongea kwa mboga. Ukimpelekea nsansa, ile mboga yetu ya majani yaliyokaushwa, imeungwa karanga, anajua amesamehewa. Ukimpelekea isiyoungwa anajua bado. Kwenye sufuria la watu wote hakuna anayeambiwa kitu.

Mama yangu alikuja kutoka Kalemela na sato wakavu, wakubwa, amewafunga kwa khanga mpya. Sheria ilikuwa chakula chochote kinachoingia kinakwenda jiko kubwa. Nikawapeleka. Mama yangu mzazi akakaa kwenye benchi la banda la kulia, akapewa kichwa cha samaki aliyemleta mwenyewe, na mwanamke wa zamu, ambaye hata hakumjua. Hakulalamika. Usiku wa pili akafunga mzigo wake, na asubuhi aliniuliza kwa sauti ya chini, "Minza, huku una nyumba, au una kitanda?"

Hajarudi mpaka leo.

Baada ya hapo nikaanza kunusa. Kila jioni kulikuwa na harufu mahali ambapo haikupaswa kuwepo. Vitunguu nyuma ya nyumba ya Holo. Dagaa kwenye nyumba ya mwisho. Wanawake walikuwa wanapika kwa siri, kwenye majiko ya mkaa yaliyofichwa uvunguni, na kila mmoja alidhani ni yeye peke yake. Nyanzobe alificha lake likiwa bado na moto, godoro likaungua, tukamwagia maji ya kisima sisi sote, na katikati ya moshi kukasikika harufu nzuri sana ya maini.

Wanaume waliitisha kikao. Kila kikao kilizaa sheria, na kila sheria ilizaa familia inayofunga vyombo. Wakaondoka wa kwanza, wakaondoka wa pili, mpaka tukafika hapa. Na sababu iliyokubalika shikome, au tuseme kwenye benchi, maana shikome yenyewe ilishazimika tangu tuanze kula bandani, ni kwamba wanawake hawawezi kukaa pamoja.

Neno hilo nimelibeba mwaka mzima kama kokoto kwenye kiatu. Nililipinga kila mara, lakini sikuwa na la kuweka badala yake. Kumbe lilikuwepo.

Leo asubuhi Masanja alikuwa anafunga vikombe kwa magazeti. Mvua imeacha. Ana huruma na mimi, najua, siyo mtu mbaya, ameshindwa tu na ameamua kushindwa kwa haraka. Akasema bila kuniangalia, "Mjini utapata raha, Mama Shija. Utakuwa na jiko lako mwenyewe. Utapika unachotaka."

Nikasimama na sufuria mkononi.

Kwa hiyo alijua. Miaka hii yote alijua nilichokosa, ila alidhani ili nikipate lazima kila kitu kingine kife, shamba, kisima, Nyanzobe na jembe lake. Na hapo hapo nikaona kosa letu lilipokuwa. Shikome haikuwa sufuria moja hata siku moja. Wanaume walikula pamoja, ndiyo, lakini kila sahani ilitoka mlango wake, na kila mmoja aliijua ya kwake. Wao walikaa upande wa kula, wakaona umoja. Hawakuwahi kukaa upande wa kupeleka. Wakauchukua mlo wakauacha mlango, halafu wakashangaa mbona mlo haushuki.

Nikaweka sufuria chini, nikachukua sururu.

Jiko kubwa halijawashwa tangu familia ya nne ihame, kuku wanalala humo, na sisi tunajipikia ndani kimyakimya kwenye majiko yale yale ya mkaa. Nikaanza kushoto karibu na mlango. Udongo umekauka kama saruji, nimepiga mpaka jasho likanichoma macho. La mstari mweupe ndilo lililotoka la kwanza. Nililifuta kwa kitenge. Nilijikuta nalisalimia, "Mwangaluka," kwa sauti kabisa, halafu nikacheka peke yangu.

Nyanzobe alitokea nikiwa kwenye la pili. Akashika kiuno, akaniangalia kama mtu anayepima iwapo akaite wenzake wanifunge kamba. Nikamweleza yote kwa pumzi moja: mkutano wa kesho, mlango, sahani, kwamba tungebaki na shamba moja na kisima kimoja na kila mmoja apike kwake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kitu kimoja tu.

"Yangu yako upande gani?"

Tulipofika kwenye ya Holo, kona ya jiko ikaanguka na kuku wakatoka wakipiga kelele. Mabula akaja mbio, Masanja nyuma yake na kikombe bado mkononi. Mabula akafoka, "Mnagawana kabla mwenyekiti hajafika?"

"Tunagawana jiko," nikamjibu. "Shamba msiliguse."

Sijawahi kumjibu Mabula hivyo. Masanja alilitazama jiko lake lililobomoka kona, na niliona uso wake ukiwa wa mtu anayevunjiwa kambi mara ya pili. Niliumia. Niseme hilo pia, niliumia sana, na sikuacha kupiga.

Mchana nimeyapanga mafiga nyuma ya nyumba, chini ya kibanda cha bati. Nilikuwa nimesahau yanavyokaa, nimeyageuza geuza mpaka sufuria likatulia. Kuni zilikuwa mbichi kwa mvua, moshi umenila macho. Nimepika nsansa, nikaiwekea karanga za kutosha, nikasonga ugali wa watu watano. Nikaonja. Chumvi ilikuwa yangu.

Halafu nikafanya jambo ambalo hapa mwanamke halifanyi. Jioni ilipoingia nilikwenda mwenyewe kuwasha moto wa shikome. Majani yalikuwa yameota pale kwenye majivu ya zamani. Nikakwangua, nikaweka mabua ya pamba yaliyokuwa chini ya paa, na mavi makavu ya ng'ombe, nikapuliza. Mayu Kashinje alikuwa mlangoni kwake. Akakohoa, kikohozi kile cha mama mkwe ambacho kina maneno ndani. Sikugeuka. Moto ulipokubali, nikaweka bakuli langu na ugali wangu juu ya ungo, nikarudi ndani, nikakaa kitandani, nikaogopa.

Maana ningefanya nini kama bakuli lingebaki peke yake? Lingekuwa bakuli la mwanamke mkaidi na mbwa wangekula. Na kesho kamba ingepita katikati ya shamba na mimi ningefunga vikombe vilivyobaki.

Nilichungulia kwenye tundu la dirisha. Kwa muda mrefu hakuna kitu. Kisha mayu Kashinje akatoka, polepole, na goti lake bovu, amebeba matobolwa, viazi vitamu vya kukaushwa, na maziwa ya mgando. Akayaweka kando ya langu. Akalisogeza langu kidogo, lisiwe mbele ya lake. Hapo nikajua tumepona, au angalau tuna homa ya kawaida.

Nyanzobe alileta maini. Bila aibu, maini, na kwa mkono mwingine anajipepea moshi. Holo akaja wa mwisho na dagaa, akiimba.

Wanaume hawakuitwa. Ugali ukianza kupoa hauhitaji tarumbeta. Mabula alijikokota wa kwanza, akainama, nikamsikia, "Haya ni ya Nyanzobe." Wakacheka. Shemeji yangu, kijana wa mwisho wa mayu Kashinje, akakaa. Kisha Masanja akatoka kwetu, akapita dirishani bila kuniona, akakaa kwenye gogo lake la zamani. Akamega tonge, akachovya kwangu. Alitafuna muda mrefu. Akachovya tena.

Kwa desturi mtoto ndiye anayerudisha vyombo. Leo Masanja amerudisha bakuli langu mwenyewe, tupu, amelikung'uta. Akasimama mlangoni.

"Sijakubali," akasema.

"Sijakuomba ukubali. Nilikuwa nasubiri bakuli."

Akatabasamu nusu, akaangalia mafiga. Akaniuliza lile lenye mstari mweupe lilikuwa upande gani wa jiko kubwa. Nikamwambia kushoto, karibu na mlango. Akatikisa kichwa, akasema miaka yote hiyo alikuwa anapita pale na hakujua ni langu. Halafu akatoka kwenda kukaa na wenzake, na hivi ninavyoandika bado nasikia sauti zao. Hawaongei kuhusu vipuri. Wanabishana mbegu za pamba zipandwe lini, sasa mvua imeanza, na nani atashika ng'ombe wa mbele.

Sijashinda. Mwenyekiti anakuja kesho, hakuna aliyempigia simu kumzuia, na mwenye kukimezea mate kipande chetu naye atakuja. Masanja anaweza kuamka na vikombe vyake vikiwa bado kwenye magazeti. Nimevitazama sasa hivi, viko vile vile mezani. Sivifungui. Atavifungua mwenyewe au vitabaki hapo.

Lakini neno langu ninalo, nitalisema nikiwa nimesimama, mbele ya mwenyekiti na mbele ya Mabula: shamba moja, kisima kimoja, milango minne. Na Jumapili ijayo nikiwa bado hapa, nitampigia mama yangu Kalemela. Nitamwambia aje na sato wake, nitampikia mimi.

Basi mwenyekiti aje na kamba yake. Atakuta moshi umetoka milango minne na mbegu za pamba zinasubiri mstari mmoja. Akitaka kupima, apime kwanza tumbo lake. Nimeshaloweka choroko.